Binti Asiyerudishwa Kwao: Uhakiki wa Mahubiri Yetu juu ya 2 Wafalme 5

1. Utangulizi

Ni visa vichache vya Agano la Kale vinavyopendwa katika sharika zetu kama kisa cha Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu aliyetakaswa ukoma wake katika mto Yordani. Husimuliwa katika shule ya Jumapili, hufundishwa katika darasa la kipaimara, na huhubiriwa katika semina za akina mama na mikutano ya injili. Ndani ya kisa hicho yumo msichana mmoja asiye na jina. Alitekwa katika nchi ya Israeli, akapelekwa ugenini, akawa mtumishi wa nyumbani kwa mke wa jemadari. Alisema neno moja tu la kumtakia bwana wake uzima, na baada ya hapo hatumsikii tena.

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna tunavyomhubiri msichana huyo. Hoja yetu ni kwamba mahubiri yetu yamezoea kuifanya imani ya mtoto kuwa pazia la kufunika dhuluma aliyotendewa. Kwamba andiko lenyewe, likisomwa lote, halituruhusu kufanya hivyo. Na kwamba usomaji huo si kosa la darasani tu, kwa kuwa wanaoumizwa nao wako hai na wanalala katika nyumba za Wakristo, zikiwamo nyumba za wachungaji.

2. Jinsi kisa kinavyohubiriwa

Mahubiri ya kawaida juu ya msichana huyu huwa na vichwa vitatu. Kwanza, ushuhuda: alikuwa mdogo, tena mtumwa, lakini alimtangaza nabii wa Mungu wake. Pili, msamaha: hakuwawekea kinyongo waliomteka. Tatu, utumishi: alimhudumia bibi yake kwa uaminifu, na kwa njia yake nyumba nzima ikabarikiwa. Kisha mhubiri huwageukia wasikilizaji na kuwauliza kama na wao, mahali walipo, wanamshuhudia Kristo.

Hakuna hata kimoja katika vichwa hivyo kilicho uongo. Neno la msichana yule ni neno la imani, na Bwana wetu mwenyewe alimtaja Naamani katika sinagogi la Nazareti (Luka 4:27) ili kuonyesha kwamba neema ya Mungu haikufungiwa ndani ya mipaka ya Israeli. Tatizo liko katika kile kinachorukwa. Mhubiri huanza na uaminifu wa mtoto bila kuuliza amefikaje pale. Vikosi vya Washami vinavyotajwa katika aya ya pili hupitwa haraka, kana kwamba ni gari tu lililomleta msichana kwenye kazi yake.

Yafaa tutafakari mahubiri hayo husikiwaje. Mama mwenye nyumba aliyeketi mbele husikia kwamba mtumishi mwema hanung'uniki. Binti wa kazi aliyeketi nyuma akiwa amempakata mtoto wa mwajiri wake husikia kwamba Mungu amemweka pale kwa kusudi, basi avumilie. Mahubiri yale yale humfariji anayetumikiwa na kumfunga mdomo anayetumika. Na huyo ni yule aliyepata nafasi ya kuja ibadani. Wengi wamebaki nyumbani wakipika chakula cha mchana, ingawa amri ya Sabato (Kutoka 20:10) inamtaja mjakazi kwa wazi miongoni mwa wanaopaswa kupumzika siku hiyo.

3. Andiko lenyewe linasema nini

Msimulizi wa 2 Wafalme ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo kila neno lake lina uzito. Katika aya ya kwanza anamwita Naamani mtu mkubwa. Katika aya ya pili anamwita mateka huyo na'ara ketanna, yaani msichana mdogo. Ukubwa na udogo vimewekwa kando kwa kando kwa makusudi. Kivumishi hicho cha Kiebrania chatukataza pia kumfikiria kuwa mwanamke mzima aliyejichagulia kazi. Ni mtoto.

Jambo la ajabu latokea katika aya ya 14. Naamani anapotoka majini, mwili wake umekuwa kama mwili wa na'ar katon, yaani mvulana mdogo. Ni maneno yale yale ya aya ya pili, yakiwa katika umbo la kiume. Mtu mkubwa ameponywa kwa kufanywa kama yule mdogo aliyetekwa na vikosi vya nchi yake. Mtoto aliyehesabiwa kuwa nyara ndiye amekuwa kipimo cha uzima wa jemadari. Msikilizaji wa Kiebrania asingeweza kupitwa na mwangwi huo. Sisi hupitwa nao kwa sababu tumeshamweka msichana kando tangu aya ya nne.

Sasa tufuate mali. Naamani anasafiri na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Akiisha kupona anataka kumlipa nabii, naye nabii anakataa. Anaomba udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, apate kumwabudu Bwana katika nchi yake. Anaomba pia asamehewe kila atakapoinama katika nyumba ya Rimoni. Dhamiri yake imeamka kwa habari ya ibada, lakini haijaamka kwa habari ya jikoni kwake. Amechukua udongo wa Israeli na kuupeleka Shamu. Binti wa Israeli aliyeko Shamu hasemi lolote la kumrudisha. Andiko halisimulii kwamba alirudishwa kwao, wala halisemi kwamba alipewa hata vazi moja katika yale kumi.

Je, ukimya huo ni idhini? Wapo watakaosema kwamba msimulizi hakuliona tatizo. Lakini tusome mpaka mwisho wa sura. Gehazi, mtumishi wa nabii, anamkimbilia Naamani kwa siri na kujipatia talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Elisha anapomkabili katika aya ya 26, anamwuliza kama huo ni wakati wa kupokea fedha na mavazi, kisha anaongeza vitu ambavyo Gehazi hakuvipokea: mashamba ya mizeituni na ya mizabibu, kondoo na ng'ombe, na mwisho wa orodha, watumwa na wajakazi. Nabii anaiona fedha hiyo inakoelekea. Mali iliyotwaliwa kwa hila katika jina la Mungu mwisho wake ni kununua watu.

Kwa hiyo sura inayofunguliwa kwa kijakazi aliyetekwa inafungwa kwa karipio dhidi ya kujipatia wajakazi. Tena aliyekaripiwa si Mshami. Ni mtu wa nyumba ya nabii, na ukoma wa Naamani unahamia kwake. Hapo ndipo mchungaji anayetafuta nafsi yake katika kisa hiki angepaswa kujitazama. Sisi hupenda kujiona katika Elisha, lakini huenda nafasi yetu iko karibu zaidi na Gehazi.

4. Ushahidi wa maandiko mengine

Usomaji huu hautegemei aya moja. Sura inayotangulia (2 Wafalme 4:1-7) inaanza na mjane ambaye mwenye kumdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamwambii mama huyo kwamba watoto wake watakuwa mashahidi wazuri katika nyumba ya mdai. Anamwuliza ana nini nyumbani. Mafuta yanaongezeka, deni linalipwa, watoto wanabaki na mama yao. Ni nabii yule yule, na sura hizo mbili zimepangwa jirani: katika moja mtoto anazuiliwa asichukuliwe, katika nyingine mtoto ameshachukuliwa.

Katika Nehemia 5 hali ni mbaya zaidi, kwa maana wanaowatia watoto utumwani ni ndugu wa damu moja. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa sababu ya njaa, na binti zao wamekwisha kutiwa utumwani. Nehemia anakasirika, anawaita wakuu hadharani, anawadai warudishe mashamba na riba, na anawaapisha mbele ya makuhani. Nabii Yoeli naye (3:3) anawahukumu mataifa kwa kumtoa mvulana kuwa malipo ya kahaba na kumwuza msichana kwa divai. Nayo Torati inamhukumu kifo mtu aibaye mtu na kumwuza (Kutoka 21:16). Basi mtu asituambie kwamba tunaingiza mawazo ya karne ya ishirini katika kitabu cha kale. Kilio kimo ndani ya kitabu chenyewe.

Mara nyingi kisa cha Yusufu hutolewa kama jibu: yeye naye aliuzwa, na Mungu akaleta mema. Ni kweli. Lakini katika Mwanzo 50:20 Yusufu anayataja mambo mawili, wala halimezi moja kwa lingine. Ndugu zake walikusudia mabaya. Mungu alikusudia mema. Uongozi wa Mungu haukuyageuza makusudi ya ndugu zake kuwa mema. Mhubiri anayetaja nusu ya pili ya usemi huo na kuiacha nusu ya kwanza amemfanya Mungu kuwa mshirika wa wauzaji.

5. Binti wa kazi katika nyumba zetu

Kwa nini jambo hili liwe la haraka kwetu? Katika utafiti wa kitaifa wa 2014 juu ya utumikishwaji wa watoto, Tanzania Bara ilionekana kuwa na watoto wapatao milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 katika hali hiyo, yaani asilimia 28.8 ya watoto wa umri huo. Walio wengi mno walikuwa katika kilimo. Wapo waliojulikana katika mashamba ya tumbaku, katika machimbo madogo ya dhahabu, na katika mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani, ambako wavulana waliopenya kwenye njia nyembamba za chini ya ardhi waliitwa nyoka. Habari za machimbo huandikwa magazetini. Mtoto anayefanya kazi ndani ya nyumba haonekani kwa urahisi, kwa sababu mlango umefungwa na kwa sababu lugha yetu imemficha.

Tumwangalie huyo aliyefichwa na lugha. Anaitwa dada. Watoto wa nyumba wanamwita dada, baba mwenye nyumba anamwita dada, na wageni wanamwita dada. Ni jina la undugu, nalo ni zuri. Lakini dada huyu mara nyingi hali mezani na ndugu zake, haendi shule wanayokwenda, na hulala baada ya wote kulala na kuamka kabla ya wote kuamka. Mwenye nyumba akiulizwa husema, "Huyu tunamlea tu, ni kama mwanangu." Neno kulea ni kubwa katika desturi zetu. Tangu zamani mtoto wa ndugu, hasa yatima, alipelekwa kwa shangazi au mjomba, akala walichokula watoto wa nyumba ile na kuchapwa walipochapwa. Uhakiki wetu haupingi desturi hiyo. Unauliza kama jambo linaloitwa kulea leo bado ni lile lile, ikiwa mtoto ameletwa na dalali kutoka mkoa mwingine, hana ukoo wowote na nyumba ile, na mshahara wake "anawekewa" na mwajiri mwaka baada ya mwaka bila hesabu.

Sheria ya nchi imeshalinena jambo hili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kuzuia masomo. Inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inampa haki ya ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Msomaji apime mwenyewe ni nyumba ngapi katika mtaa wake ambazo binti wa kazi huwa ameshalala saa mbili usiku.

Kuna upande mwingine unaotuhusu sisi watumishi wa Kanisa moja kwa moja. Mchungaji au mwinjilisti aliyeko kijijini ni mtu anayeaminiwa na wazazi. Kwa sababu hiyo jamaa na washarika walioko mjini humwomba awatafutie "binti mwenye hofu ya Mungu". Wazazi humtoa mtoto wao kwa kuwa aliyesema nao ni mtumishi wa Mungu. Anayefanya hivyo hujiona anasaidia pande mbili. Lakini kama hajui nyumba anayompeleka, hajauliza umri wake, hajapatana ujira, wala hana njia ya kujua habari zake baadaye, ametumia imani ya watu kwa kazi ya vikosi vya Washami, ijapokuwa hakushika upanga.

6. Urithi wetu wa Kilutheri

Yafaa tuupime urithi wetu pia, kwa haki na bila kuupamba. Luther, katika Katekisimu Kubwa ya 1529, anaipanua amri ya nne hata iwahusu mabwana na watumishi wa nyumbani, na katika kuieleza amri ya saba anawakemea watumishi wavivu kuwa ni wezi kwa mabwana zao. Katekisimu Ndogo nayo ina mafundisho ya nyumbani kwa watumishi na kwa mabwana. Sehemu za watumishi tumezifundisha sana. Sehemu za mabwana tumezisoma kwa sauti ndogo.

Hata hivyo Luther huyo huyo aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwataka waanzishe shule kwa ajili ya watoto wote, wavulana na wasichana. Alijua kwamba wazazi wanahitaji mikono ya watoto wao. Kwa hiyo alipendekeza mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku na msichana saa moja, na muda uliobaki wafanye kazi na kujifunza ufundi nyumbani. Kwa kipimo cha leo saa hizo ni chache, na tusijidai kwamba alikuwa na mawazo yetu juu ya haki za mtoto. Lakini hoja yake ina nguvu: kazi ya nyumbani haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mtoto shule. Mwaka 1530 alirudia jambo hilo katika hotuba ndefu juu ya wajibu wa wazazi kuwaacha watoto wao shuleni.

Fundisho lake juu ya wito nalo limetumiwa vibaya. Tumefundisha kwamba hata anayefagia nyumba anamtumikia Mungu, na ni kweli. Lakini wito ni nafasi ya kumtumikia jirani kwa hiari ya imani. Mtoto wa miaka 12 aliyeondolewa darasani hajaitwa, amechukuliwa. Kumwambia kwamba huo ndio wito wake ni kuiweka injili katika kinywa cha aliyemchukua.

7. Pingamizi

Wapo watakaouliza: je, mtoto huyo akirudishwa kwao si atarudi kwenye njaa? Swali hili ni la kweli, na anayelidharau hajui umaskini. Wapo mabinti waliopata katika nyumba za watu chakula, matibabu na hata cherehani na ufundi wa kuishi. Elisha hakulikwepa swali la njaa. Katika sura ya nne alianza nalo. Lakini jibu lake lilikuwa kuondoa deni lililomtishia mtoto. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016. Hata hivyo sare, madaftari na chakula hubaki mzigo kwa mjane wa kijijini. Mzigo huo usharika unaweza kuubeba kwa gharama ndogo kuliko kitambaa kipya cha madhabahu. Mjane akibebewa, dalali hukosa biashara.

Wengine watasema kwamba mtoto asiyefanya kazi huharibika, nao watatukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi twakubali kwamba mtoto afundishwe kazi. Kuchota maji, kuosha vyombo, kuchunga mbuzi baada ya shule ni sehemu ya malezi. Lakini methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya malezi ya mtoto wa nyumbani. Ikiwa mtoto wa mwenye nyumba halazimiki kukunjwa hivyo, na anayekunjwa ni wa mwenzio peke yake, basi samaki huyo hafundishwi, anatayarishwa kuliwa.

8. Hitimisho

Uhakiki huu hauwataki wahubiri waache kumsifu msichana wa Israeli. Unawataka waanze pale andiko linapoanza: vikosi vilitoka, vikamchukua mtoto. Mhubiri aliyeanza hapo ataweza kusema juu ya imani yake bila kuifanya pazia, maana itaonekana wazi kwamba alimtakia uzima mtu ambaye hakumtendea haki. Hiyo ni neema iliyotoka kwa mwenye deni la kudai, na neema ya namna hiyo haimfutii mdaiwa wajibu wake.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji azimio la sinodi. Mchungaji anapotembelea nyumba aulize jina la dada, umri wake na kwao ni wapi, na asiondoke bila kusema naye. Anayeandikisha darasa la kipaimara aandikishe na watoto wa kazi, awaambie waajiri wao siku na saa za mafundisho. Mwenye nyumba akumbushwe kwamba ujira uliozuiliwa hulia masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Mwinjilisti akatae kuwa dalali. Na nyumba ya mchungaji iwe ya kwanza kuhesabiwa, kwa kuwa karipio la aya ya 26 lilianzia katika nyumba ya nabii.

Naamani alirudi kwao akiwa mzima, na udongo wa Israeli juu ya nyumbu wake. Alipofika, kwa kadiri andiko linavyotuachia, msichana alikuwa bado yumo ndani anamhudumia bibi yake. Kanisa linalosoma sura hii kila mwaka na kumwacha hapo halijamaliza kuisoma.